Kitambaa Kisichoungua

Mimi katika maisha yangu yote sijawahi kusema uongo. Mwulizeni yeyote hapa mtaani. Ila msimwulize jirani wa upande wa kulia, na mkwe wangu naye mwacheni, ana kazi nyingi. Tena nikifikiri vizuri, hiyo sentensi ya kwanza ifuteni kabisa. Zinazofuata ndizo za kweli.

Nyumbani kwetu siku ilikuwa inaisha kwa king'ora. King'ora cha uwanja wa kukatia meli kikilia saa kumi na moja jioni, mjukuu wangu anaacha chochote alichoshika, hata kalamu ikiwa katikati ya neno, anakimbilia mlangoni kumngoja baba yake. Tunamwita Pini. Alizaliwa mwembamba, kichwa kikubwa cha mviringo, na alipofika miaka kumi na miwili mwili ulikuwa bado unakikimbiza kichwa bila kukifikia. Kazi yake ilikuwa moja na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa: kukung'uta ovaroli la baba yake.

Baba yake ni mwanangu, mkata vyuma. Meli zikishazeeka huletwa ufukweni kwetu, hupandishwa kwenye tope maji yakijaa, na safari zake huishia hapo. Watu huzikata kwa moto wa gesi, kipande baada ya kipande, mpaka meli ndefu kuliko mtaa mzima inabaki alama kwenye tope. Chuma huenda kuyeyushwa, kinatoka kikiwa nondo. Milango, vitanda, masinki na viti huuzwa katika maduka ya barabarani. Mlango wa choo chetu ulitoka melini na ulikuwa na maandishi ya kigeni. Tulikaa nao miaka tisa ndipo baharia mmoja mstaafu akatusomea: "Nahodha peke yake." Tangu siku hiyo, ukikaa sana chooni, watu wanakugongea na kukuuliza meli imefika wapi.

Basi Pini alikuwa na sheria yake. Kilichoanguka kutoka mfukoni mwa ovaroli ni mali ya anayekung'uta. Skrubu, kipande cha waya, siku moja kifungo cha dhahabu chenye nanga, ingawa dhahabu yenyewe ilibanduka kwa ukucha. Vyote aliviweka kwenye chupa ya jamu. Alikuwa analishika ovaroli mabegani, analipiga hewani, pa! pa! pa!, na vumbi jeupe linapanda. Jua la jioni likilipita, vumbi linametameta. Pini alikuwa anacheka na kusema linafanana na theluji iliyo kwenye kitabu chake. Mimi nimekaa kizingitini na sindano yangu, namwambia, "Kola bado, mjukuu wangu. Kung'uta na kola."

Hilo neno nalikumbuka mpaka leo. Kung'uta na kola.

Na sindano yangu ilikuwa inashona nini? Ndani ya meli, kwenye chumba cha injini, mabomba ya moto yamefungwa kitambaa kinene cheupe, kama mguu uliovunjika unavyofungwa bandeji. Kitambaa hicho hakiungui. Ukiweka kaa la moto juu yake, kaa litazimika lenyewe kwa aibu. Wanaume walikuwa wanakibandua kwa mikono na kukitupa chini, na marehemu mume wangu, ambaye naye alifanya kazi uwanjani, ndiye aliyeniletea kipande cha kwanza. Nilikipenda kama mtu anavyopenda hariri. Nikashona vishikio vya sufuria. Jikoni mwangu vilikuwa sita. Kwa jirani vinne. Jikoni shuleni, ambako mkwe wangu, mama yake Pini, ni mpishi, kumi na viwili, vikubwa, vya kushikia masufuria ya wanafunzi mia nne. Hakuna msichana aliyeolewa mtaani kwetu bila jozi ya vishikio vyangu, na mimi nilikuwa natembea kifua mbele kama fundi wa kifalme.

Pini alikuwa na mambo yake ambayo sikuyajua. Alikuwa anachukua vipande vilivyobaki chini ya kiti changu na kwenda navyo shule.

"Nani anataka kuona kitambaa cha ajabu?" aliwaambia wenzake nyuma ya darasa. "Kifutio, washa kiberiti."

Kifutio ni rafiki yake, mvulana mfupi mwenye nywele zilizokaa sawa juu kama kifutio kipya. Akawasha. Moto ukalamba kitambaa, ukazima, kitambaa hakikuungua hata kidogo.

"Bibi yako mchawi!" Kifutio akasema.

"Mchawi babu yako," Pini akajibu. "Anayetaka kipande apange foleni."

Watoto watano wakapata. Wakavichambua vikawa kama pamba, wakapuliziana usoni, wakacheka mpaka kengele ikalia.

Uwanjani kulikuwa na msimamizi. Wafanyakazi walimwita Bwana Salama, kwa sababu kila alichoulizwa alijibu, "Salama tu." Kamba imechakaa? Salama tu. Moshi wa rangi unachoma macho? Salama tu. Alikuwa anavaa shati jeupe na tai, na hakuwahi kuwa na doa. Siku ambazo Pini alimpelekea baba yake chakula alirudi na habari zake.

"Bibi, Bwana Salama ni maridadi kweli. Hamruhusu baba kuingia ofisini na ovaroli. Anamwambia avue aliache nje. Na akiongea na watu wa chumba cha injini anasimama kule upepo unakotokea."

"Mtu msafi," nikasema. "Jifunze kwake."

Mwaka huo mwanangu akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, kifupi, kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu. Akipanda ngazi tano za mlango wetu anasimama ya tatu, anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Siku moja nikamwambia, "Mwanangu, hivyo viatu havina kamba." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Jumamosi tukaenda zahanati, yeye, mimi na Pini.

Nesi alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Picha ya kifua cha mwanangu, aliyopigwa juma hilo hospitalini, ilikuwa tayari. Akaibandika kwenye kioo cha dirisha, mwanga ukapita, tukaona mbavu za mtu wetu zikiwa nje nje mbele ya wageni.

"Baba, unafanya kazi wapi?" nesi akauliza.

"Uwanjani. Nakata meli."

"Miaka mingapi sasa?"

"Kumi na minane."

"Na nguo za kazi, unaziacha huko huko?"

"Hapana, narudi nazo. Kule hakuna hata bomba la kuogea."

Nesi akaweka kalamu chini. "Nani anazifua?"

Tukatazamana. Tumemletea kifua cha mtu mzima, yeye anauliza habari za ufuaji. Pini akanyoosha kidole juu kama yuko darasani.

"Mama anazifua. Lakini mimi nazikung'uta kwanza. Kila siku. Tangu nina miaka saba."

Nesi akainuka. Akamwita, akaweka mipira yake masikioni, akamsikiliza kifua mbele na mgongoni, polepole, mpaka nikasikia saa ya ukutani. Kisha akasema, "Kwa sasa sisikii kitu kibaya." Hilo neno "kwa sasa" sikulipenda.

"Kuna kitu kingine cha melini mlicho nacho nyumbani?" akauliza. "Kitambaa cheupe kinene, labda? Kinachofungwa kwenye mabomba?"

"Hakuna," nikasema.

Nilijibu haraka mno. Sikujua ubaya wake, lakini sauti ya nesi ilinitosha. Mtu akikuuliza namna hiyo, unajua kwamba jibu la kweli litakuvua nguo.

"Bibi," Pini akasema, "na vishikio?"

"Vishikio gani?" Nikamkazia yale macho ambayo nyumbani kwetu maana yake ni funga mdomo.

Pini akatazama sakafu. Kisha akatazama dirishani, kwenye kifua cha baba yake, ambako kulikuwa na mikwaruzo myeupe chini ya mbavu. Alikuwa mtoto mwenye adabu, hajawahi kunipinga mbele ya watu.

"Vishikio vya sufuria," akasema. "Vya kitambaa kisichoungua. Bibi anavishona. Viko jikoni kwetu, na kwa jirani, na shuleni anakopika mama. Nisamehe, Bibi."

Nilitamani benchi lile linimeze, na lilikuwa benchi dogo.

Nesi hakunigombeza. Angenigombeza ningejisikia vizuri zaidi. Alivuta kiti akakaa mbele yetu sote.

"Kitu hicho kinaitwa asbesto," akasema. "Zamani waliiweka melini kwa sababu haishiki moto. Lakini imetengenezwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, nyembamba hata jicho haliwezi kuziona. Ikichanwa au ikikung'utwa, nyuzi zinaruka hewani. Ukizivuta zinaingia ndani ya mapafu na hazitoki. Haziyeyuki, haziozi, hazifi. Zinakaa humo zinayakwaruza mapafu miaka kumi, ishirini, hata arobaini. Kisha pumzi inaanza kupungua. Wengine wanapata saratani."

"Na dawa?" mwanangu akauliza.

"Ya kuzitoa hakuna, baba. Tutakutibu kikohozi, na sigara usiguse. Lakini dawa kubwa ni kutovuta nyingine hata siku moja zaidi."

Mwanangu akainamisha kichwa. "Jumatatu ijayo, siyo hii ya keshokutwa, naingia chumba cha injini cha meli mpya, ile kubwa. Tumepangwa wanane. Tunabandua mabomba yote."

"Mnavaa nini puani?"

"Tunajifunga shati."

Mimi sikuwa nasikiliza tena. Nilikuwa namwona marehemu mume wangu. Alikufa amekaa, kwa sababu kila akilala pumzi inakataa kuja. Sisi tulisema ni sigara zake, na mimi nilimsema sana kwa hizo sigara, Mungu anisamehe. Miezi yake ya mwisho aliegemea mto mkubwa niliomshonea mwenyewe ili apate nafuu. Na ndani ya mto niliweka nini? Niliweka kile kilichokuwa laini kuliko vyote nilivyokuwa navyo.

"Nilimshonea mto," nikasema kwa sauti.

Nesi akaelewa. Akanishika mkono. "Hukujua, Bibi."

"Sikujua."

"Sasa unajua."

Akatufundisha namna ya kufanya. Usikung'ute, usifagie, usichome. Lowanisha kwa maji kwanza ili nyuzi zisiruke, weka kwenye mfuko wa plastiki, funga, uweke ndani ya mfuko wa pili, funga tena, andika juu kwamba ni hatari. Atatuma watu wenye vifaa waje kuchukua. Naye angeandika barua siku ile ile kwa ofisi ya ukaguzi wa kazi.

Tulirudi nyumbani. Mlangoni Pini akashika sketi yangu.

"Bibi, na mimi nina kosa. Nilichukua vipande chini ya kiti chako. Nikawapa wenzangu watano. Tulipuliziana usoni." Akaanza kulia kweli kweli. "Nilitaka kunyamaza. Nilifikiri kwa kuwa nimesema lako, langu halitaulizwa."

Nilimkalisha mapajani ingawa miguu yake ilikuwa inafika chini. "Sikiliza," nikamwambia. "Mimi nina nyumba ishirini na tatu za kwenda kuomba radhi. Wewe una watoto watano. Kati yetu sisi wawili, nani mkosaji mkubwa?"

"Wewe," akasema, anafuta pua.

"Hukutakiwa kujibu haraka hivyo. Haya, twende."

Jumapili nzima tulizunguka, mimi na ndoo ya maji, yeye na mifuko. Msinione hivi, nina ulimi mwepesi, lakini siku ile ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Jirani wa upande wa kulia alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Yaani wewe ulimpa binti yangu sumu siku ya harusi yake?"

"Jozi," nikasema.

Alitaka kukasirika, akacheka, kisha akalia. Mume wake naye ni mkata vyuma. Tukashikana mikono pale jikoni kwake, wazee wawili, huku vishikio vyangu vinaelea kwenye ndoo kama maiti za njiwa.

Jumatatu Pini akasimama mbele ya darasa, mwalimu wake pembeni, akasema yote bila kuruka neno. Kifutio alileta kipande chake siku hiyo hiyo, kimelowa, ndani ya soksi, soksi ndani ya mifuko miwili. Mwalimu mkuu akafunga jiko la shule siku mbili mpaka likafutwa lote kwa vitambaa vya maji. Wale watoto watano wakaandikwa kwenye daftari la nesi, pamoja na Pini.

Lakini meli ilikuwa bado pale, na Jumatatu nyingine inakuja.

"Usiende," nikamwambia mwanangu.

"Nisipoenda mimi, ataenda mwingine, Mama. Na mwingine huyo ana watoto."

Alhamisi mkaguzi akafika. Kijana mrefu, faili chini ya kwapa. Tuliitwa ofisini kwa Bwana Salama: nesi aliyeandika barua, mwanangu, Pini, na mimi. Mwanangu aliambiwa avue ovaroli lake mlangoni, kama kawaida. Mimi niliingia na mfuko wangu mweusi, nikauweka mapajani. Feni ilikuwa inazunguka juu. Bwana Salama alimpa mkaguzi karatasi yenye mihuri mitatu.

"Kila meli inayokuja kukatwa lazima ije na orodha ya vitu vya hatari vilivyomo," mkaguzi akatueleza. Akasoma. "Asbesto, hakuna. Rangi yenye madini ya risasi, hakuna. Zebaki, hakuna. Mafuta machafu, hakuna." Akainua macho. "Meli ya miaka thelathini na mitano haina chochote?"

"Ilitunzwa vizuri," Bwana Salama akasema.

"Na kile cheupe kwenye mabomba?"

"Chokaa na pamba, mheshimiwa. Watu wameishika miaka yote. Salama tu."

"Huyu mtu kifua chake kimeharibika," nesi akasema.

"Anavuta sigara."

"Sijawahi kuvuta," mwanangu akasema taratibu.

Mkaguzi akazungusha kalamu yake. Alisema atachukua kipande kipelekwe maabara, lakini majibu ni wiki tatu. Bwana Salama akasema kazi inaanza Jumatatu, na watu mia mbili hawawezi kukaa bure kwa ajili ya maneno ya zahanati. Nikaona kalamu inasogea kuelekea karatasi. Namwelewa kijana wa watu. Upande mmoja mihuri mitatu, upande wa pili kikohozi.

Ndipo nikasimama na mfuko wangu.

"Bwana Salama," nikasema, "mimi ni mzee, sikusoma sana. Humu nina ovaroli la mwanangu alilovaa kwenye meli ya mwezi uliopita. Naomba unisaidie jambo moja dogo."

Nikafungua fundo. Nesi akaruka kutoka kwenye kiti. "Bibi, hapana! Nilikuambia—" Akamvuta Pini nyuma yake. Pini alikuwa ananitazama kama nimerukwa na akili. Nikalitoa ovaroli. Lilikuwa jeupe kuanzia kola mpaka miguuni, vumbi linadondoka.

"Weka hiyo chini, Bibi," Bwana Salama akasema.

"Chokaa tu hii. Umesema mwenyewe." Nikapiga hatua. "Mjukuu wangu amelikung'uta hivi miaka mitano, uso wake ukiwa hapa. Wewe kung'uta mara moja tu. Shika mabega."

Akarudi nyuma. Kiti chake kikaanguka.

"Weka chini nimesema!"

"Kola peke yake," nikasema, na nikalinyanyua juu.

Bwana Salama akajiziba pua na mdomo kwa tai, akakimbilia pembeni ya chumba, akajibana kati ya kabati na ukuta. "Usikung'ute!" akapiga kelele kutoka ndani ya tai. "Zima feni! Unataka kutuua humu ndani?"

 Feni ikaendelea kuzunguka.

"Kutuua," mkaguzi akarudia polepole. "Kwa chokaa?"

Nikalikung'uta, pa! pa! pa!, kama Pini. Vumbi likatua mkononi mwangu. Nikalilamba.

"Unga wa ngano," nikasema. "Ovaroli lenyewe ni la mume wa jirani, jipya, hajawahi kulivaa. Mwanangu la kwake, lile la mwezi uliopita, liko kwenye mifuko miwili, limelowa, limefungwa, kama nesi alivyotuagiza."

Mkaguzi akaifunika kalamu yake. Akaomba ufunguo wa kabati. Ndani kulikuwa na barakoa nzuri ya mpira yenye vichujio viwili, barakoa moja tu, ya mtu mmoja. Chini yake kulikuwa na orodha nyingine ya meli ile ile, na hiyo ilijaa maandishi juu mpaka chini. Asbesto peke yake ilikuwa na kurasa nne.

Meli haikuguswa Jumatatu. Iliguswa baada ya miezi miwili, na walioingia chumba cha injini walikuwa watu waliofunzwa, wamevaa nguo za kufunika mwili mzima na barakoa, wanalowanisha kila kipande kabla ya kukibandua na kukitia mifukoni. Uwanjani kulijengwa mabafu na chumba cha kubadilishia nguo. Maovaroli yanafuliwa huko huko, hayaji nyumbani. Bwana Salama alipelekwa kujibu mahali ambapo "salama tu" halikubaliwi kuwa jibu. Mwanangu sasa ni mtunza stoo, mbali na vumbi. Makovu ya kifuani hayataondoka. Ngazi zetu anazipanda kwa kupumzika, na siku hizi hasingizii kamba za viatu. Pini na wale watoto watano watapimwa kila mwaka, na watakapokuwa na watoto wao bado watapimwa. Mimi ndiye niliyewaachia kazi hiyo. Nafahamu hivyo kila asubuhi nikiamka.

Nesi alialikwa shuleni kuzungumza na wanafunzi. Hakuongea sana.

"Kitu hakiwi salama kwa sababu mkubwa amesema ni salama," aliwaambia. "Uliza, angalia, tena angalia kama yeye mwenyewe anakishika. Na jambo la pili. Huyu mwenzenu alimpenda bibi yake, akamheshimu, na akasema ukweli ambao bibi yake aliuficha. Hakumvunjia heshima. Kumheshimu mkubwa si kumfichia kosa linaloweza kuua watu. Angenyamaza siku ile, vishikio vile vingekuwa mikononi mwa wapishi wenu mpaka leo."

Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, la wazazi. Wote waligeuka kunitazama, na mimi nikatazama dirishani kama ninayetafuta bibi huyo anayesemwa.

Jioni hiyo tulikula pamoja. Mwanangu alikuwa na furaha, pumzi yake nzuri, akaanza kumsimulia mkewe tena mambo ya ofisini, na safari hii kwa kirefu. Alisimama akaonyesha Bwana Salama alivyojibana kwenye kabati. Alionyesha nilivyolilamba lile vumbi.

Mkwe wangu akaweka kijiko chini.

"Mama," akasema kwa upole, na upole wake ndio unaotisha. "Huo unga wa ngano ulitoka wapi?"

"Unga?" nikasema.

"Nilikuwa na kilo mbili za kuoka mikate. Alhamisi ile asubuhi nikakuta pakiti tupu. Ukaniambia ni panya. Ukanionyesha na shimo lake. Nikanunua mtego, Mama. Kila jioni natega mtego."

"Panya wa siku hizi," nikasema, "hawaeleweki."

Nikamtazama Pini kwa yale macho yangu. Akanitazama. Akamtazama mama yake. Kisha, taratibu, kama siku ile kule zahanati, akanyoosha kidole juu.